Chupa za Maji ya Zambarau

Mjukuu wangu Anziza ameniomba niandike haya kwa ajili ya mwenzake wa kazini. Binti huyo ameambiwa ana kifua kikuu, sasa amejifungia chumbani, hataki mtu amwone. Basi binti, mimi nilikuwa nacho pia, na changu kilipanda mpaka kooni. Nimepona, nimezaa baada yake, na nimewazika wengi walionihurumia. Sina elimu. Nilisoma chuo cha Kurani kwa Mwalimu Madi mpaka nilipoolewa, basi. Lakini majina siyasahau, na ugonjwa ule naukumbuka kitanda kwa kitanda.

Kabla ya kuugua nilikuwa mtu wa ngano. Andoany nzima, huo mji wa kisiwa cha Nosy Be mnaouita Hell-Ville, ilinijua hivyo. Si ngano za sungura na fisi. Hizo kila mtu anazo. Zangu nilizitunga mwenyewe: mji ulio chini ya ziwa la mlimani, ambako watu huvaa mvua kama nguo, mwanamke aliyezaa taa, jini wa kike aliyeposwa na nyani. Nyumbani tulisema Kikomoro, sokoni Kimalagasi, lakini ngano zangu nikiziandika zilitaka Kiswahili cha babu yangu, Mze Ali, aliyeishi Unguja ujanani mwake na kunifundisha kukiandika kwa herufi za Kurani. Nilijaza madaftari sita ya shule na nusu ya la saba, kwa wino wa zambarau wa unga, ule wa dukani kwa Jivani uliokorogwa kwa maji.

Mama mkwe wangu, Bi Zalihata, hakujua kusoma. Aliniona nimejitanda shiromani, nimekaa mkekani, kalamu inatoka kulia kwenda kushoto. Siku moja akauliza, “Waandika nini, mwanangu?” Nikaogopa kusema ngano, maana alikuwa mwanamke wa sala, na kucheka kwake kulikuwa kwa sikukuu. Nikasema, “Nadurusu, mama.” Tangu siku hiyo hakupita mbele yangu nikiandika bila kuvua viatu. Uongo ule niliuacha ukae miaka minane. Ulikuwa na raha yake.

Sasa, kwetu ngano haitolewi mchana. Kila mahali watu wana sababu yao. Yetu ilikuwa kwamba mwenye kutoa ngano jua likiwaka, jua humnywa sauti. Mtoto alifundishwa hilo kabla ya kufundishwa kutawadha.

Bendera mpya ya uhuru ilikuwa na miaka miwili. Nilikuwa nachuma maua ya mlangilangi pamoja na Vola, Zaina, Kalo, na mapacha Hindu na Hadija. Huchumwa alfajiri, kabla joto halijayanyonya harufu. Wiki ile Kalo alikuwa amezika mwanawe, na tangu azike hakusema neno. Alichuma tu, mikono inakwenda kama si yake.

Vola akaniambia, “Eshati, mtolee moja. Mtu huyu atapasuka.”

“Mchana huu?”

“Mchana gani? Jua lenyewe bado linajinyoosha.”

Nikatoa ile ya mwanamke aliyezaa taa. Kalo akacheka pale mume anapojaribu kuizima, kisha akalia, na kilio kile ndicho tulichokuwa tukikingoja. Nilipomaliza niliinua kichwa. Jua lilikuwa limesimama juu ya miti, wazi kabisa, linanitazama.

Haikupita hata nusu mwezi, sauti yangu ikakwaruza.

Mwanzo nilidhani ni vumbi. Kikaja kikohozi. Bangili zikaanza kunivuka mkononi zenyewe. Asubuhi moja nilikohoa juu ya kikapu, na maua yangu ya manjano yakawa na madoa mekundu. Msimamizi alimwaga kikapu chote kichakani, akaniambia nirudi nyumbani, nisirudi tena mpaka niwe na cheti cha daktari. Hakunitukana. Alirudi nyuma hatua tatu tu, nami nilizihesabu.

Kwenye zahanati ya Andoany nilikaa benchi siku nne, kwa sababu kila nilipofikiwa nilishindwa kutaja jina langu likasikika, wakaita mwingine. Siku ya tano mume wangu Saidi aliacha kazi yake kwenye mtambo wa kukeneka maua, akaja kunitajia jina. Tukaambiwa twende hospitali ya Mahajanga, haraka.

Nyumbani Bi Zalihata alikuwa ameshafunga uzi mwekundu kwenye sikio la kikombe changu. Alikiweka kwenye rafu ya peke yake, mwingine asikinywee. Binti yetu Rukia, wa miaka sita, aliambiwa asiniguse, akawa ananitazama toka mlangoni kidole kinywani. Simlaumu mama mkwe. Uzi ule ulikuwa na maana yake. Lakini kila nilipokunywa, ulinigusa mdomo.

Siku ya kuondoka nilitoa madaftari saba sandukuni, nikampa. Kwa sauti ile iliyobaki, kama mtu anayekuna nazi, nikasema, “Mama, haya kayazike. Siyataki tena.”

“Niyazike?”

“Makaburini, baharini, popote. Mungu akiniponya, sitashika tena kalamu.”

Aliyapokea kwa mikono miwili, akayaweka kichwani kama inavyobebwa juzuu, akaingia nayo ndani. Niliapa kweli. Niliamini jua limeninywa sauti kwa haki.

Mahajanga ni joto, binti. Maji ya mto yanaingia baharini mekundu kama chai ya udongo. Chumba cha kungojea kilikuwa na mabenchi mawili yaliyotazamana, ili mkohoane vizuri. Hapo nilijifunza kutotazama leso ya mtu. Daktari alikuwa Mfaransa bado, mrefu, mwenye mikono baridi; alinimulika koo kwa kioo kidogo, akasema jambo, na nesi, Ramatoa Voahangy, mtu wa nyanda za juu, akanifasiria kwa Kimalagasi: “Miezi sita, usitoe sauti. Hata mnong'ono. Koo lina vidonda.”

Nikaona, basi, limekwisha. Lililoanzwa na jua linamalizwa na daktari.

Ramatoa Voahangy aliniletea kibao na chaki niandike shida zangu. Nikaandika naomba maji. Alikigeuza kibao juu chini, akakipeleka dirishani, akarudi nacho. “Eshati, hii ni nini? Minyoo?” Wodi nzima hakuna aliyejua herufi zangu. Kwa hiyo nilidai maji kwa vidole, na choo kwa kushika tumbo, na mgonjwa wa kitanda cha nne, Zafisoa, akawa ananiita “mama wa minyoo” mpaka alipohamishwa.

Sindano ilikuwa kila siku. Baada ya mvua za kwanza ikawa mara tatu kwa wiki. Makalio yaligeuka mawe. Nilikalia upande upande kama kuku mwenye yai. Masikio yakaanza kulia, wadudu wa usiku mchana kutwa, na sikio la kushoto linalia hadi leo. Vidonge vilikuwa vikubwa, mafungu kwa mafungu, vinapindua tumbo. Zaina wa kitanda cha mlangoni, si yule wa mlangilangini, alivificha chini ya godoro. Alikufa embe zikiiva. Walipoinua godoro tuliviona vyote. Kwa hiyo ukisikia mtu anakuambia dawa zinaua hamu ya kula, mwambie ni kweli, kisha zimeze.

Kila mwezi, boti ya mizigo toka Nosy Be ikifika, Abudu kuli alikuja kwenye dirisha letu na kifurushi. Ndani kulikuwa na samaki mkavu, kitambaa safi, na chupa moja ya soda iliyozibwa kwa nta. “Mama mkwe wako anasema ni kombe. Unywe kabla ya kula, uelekee kibla.”

Kombe nalijua. Mwalimu anaandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, inaoshwa, mgonjwa anakunywa. Lakini hili halikuwa la manjano. Lilikuwa la zambarau, chungu kidogo, linanukia maji ya waridi. Nilidhani mwalimu ameishiwa zafarani. Nilikunywa nimefunga macho. Ramatoa Voahangy alinikamata mwezi wa tatu, akainusa chupa, akakunja pua. “Haya ni maji ya kuoshea vikombe vya wino.” Nikaunganisha viganja, nikamwomba kwa macho. Akanitazama sana. “Kijiko kimoja, si zaidi. Na siku nitakapokuta kidonge chini ya godoro lako, hiyo chupa naivunja.” Hivyo ndivyo nilivyoruhusiwa.

Kwenye kitanda cha jirani alikuwa bibi wa Kisakalava toka Antsanitia, Soazara jina lake. Sote tulimwita Dady, ndivyo Wasakalava wanavyomwita bibi. Alikuwa mwembamba kama kijiti, hana mgeni. Abudu ndiye aliyeniponza. Siku moja alimwambia dirishani, “Dady, una bahati, umelala kando ya Eshati wa ngano. Kwao watu wanamngoja mpaka leo.”

Kuanzia hapo sikuwa na amani. Miezi sita ilipokwisha niliruhusiwa kunong'ona robo saa kwa siku, alasiri, baada ya kupimwa joto. Siku ya kwanza tu Dady akageuka upande wangu.

“Haya. Robo saa yako. Nipe moja.”

“Nimesahau zote, Dady.”

“Mtu hasahau. Mtu hukataa.”

“Ni mchana.”

“Ndiyo hilo? Kwetu Antsanitia mtu akitaka ngano mchana, huweka jani kichwani. Chini ya jani ni usiku. Hujui hata hilo, na unajiita wa ngano?”

“Si desturi yetu.”

“Basi niazime yangu! Mimi nakwenda kwa wazee wangu. Wataniuliza, Soazara, umetuletea nini toka duniani? Niwaambie nini, homa?”

Wodi ilicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeapa, na sauti ndiyo kwanza inarudi, nyembamba kama uzi. Niliogopa nikifungua mdomo kwa ngano, jua litaukata. Kila alasiri aliniomba. Kila alasiri robo saa yangu niliimaliza kwa kuuliza nani amekuja, nani ametoka, uji una chumvi. Nilimjua aliyekuwa kila kitanda, na jina la mama yake. Ngano sikutoa.

Mvua za pili zilianza. Alasiri moja niliamka nikamwona Dady amelala chali, ana jani la mwembe kipajini. Alikuwa amelichukua mwenyewe dirishani. Sijui miguu ile ilimfikishaje. Alinitazama, hakuomba. Alingoja tu. Nikageukia ukutani, nikasema nimechoka.

Walimtoa kesho yake asubuhi, amefunikwa uso. Jani lilikuwa limeanguka kati ya vitanda vyetu. Mfagizi, Razafy, alilifagia na pamba na karatasi za vidonge. Robo saa yangu ya siku ile sikuitumia, na hakuna aliyenidai.

Saidi alikuja mara moja tu katika muda wote huo. Alikaa mwisho wa benchi uani, kofia magotini. Aliniambia jamaa zake wanamhimiza aoe, na mama yake amewajibu, “Mke hazikwi kabla hajafa.” Nilishangaa. Nilidhani yule ndiye angekuwa wa kwanza kutafuta mchumba. Saidi akanitazama shingo, mifupa, akaangalia pengine. “Unarudi lini?” akauliza. Nikanong'ona, “Sijui.” Alipoondoka aliacha chungwa mahali alipokuwa amekaa, kwa sababu hakuthubutu kunipa mkononi.

Niliruhusiwa baada ya mwaka mmoja na miezi saba. Daktari mwenye mikono baridi alikuwa ameshakwenda kwao. Aliyeniandikia cheti alikuwa Mmalagasi kijana, na alitamka jina langu vizuri. Sauti nilirudi nayo hii mnayoijua, nzito, ya kukwaruza. Ile ya zamani haikurudi.

Huko Andoany, Rukia alisimama mlangoni. Alikuwa mrefu. Alinisalimu, “Kwezi,” kama anavyosalimiwa mgeni mkubwa. Kikombe changu kilikuwa kwenye rafu yake ile ile, na uzi mwekundu, mpya, maana wa zamani ulikuwa umeoza. Cheti kilisema nimepona. Uzi haukujua kusoma.

Vola na Hindu walikuja, wakakaa, wakangoja, nikawapa habari za hospitali. Hawakurudi tena upesi. Nilifua, nilipika, nilikaa. Kuna kupona ambako mtu anakuwa kama nyumba iliyohamwa. Ukuta upo, mlango upo.

Siku moja ya mvua paa lilivuja juu ya kitanda cha Bi Zalihata. Akaniambia, “Nitolee ile sahani kubwa nyeupe kwenye kasha, tukinge.” Nikafungua kasha. Sahani ilikuwa imefungwa kwenye kitambaa, na chini yake, madaftari yangu.

Nilifungua la kwanza. Karatasi zilikuwa zimejikunja kama ngozi ya mtu aliyekaa majini. Tupu. Nyeupe, na kivuli cha zambarau kilichotandaa. La pili hivyo hivyo. La tatu. Yote sita yalikuwa yameoshwa.

“Mama,” nikasema, “nilikuambia uyazike.”

“Ulikuwa na homa. Nani anayezika maneno ya Mungu?” Alikuwa amekaa na miguu ndani ya shuka, mvua inamdondokea begani. “Kila mwezi, siku moja kabla ya boti, nilifunga. Nilitawadha, nikaosha karatasi moja moja kwa maji ya waridi, kila karatasi Yasini moja. Mwalimu Madi alitaka kuniandikia, nikamkatalia. Nilimwambia, mkwe wangu amedurusu miaka minane, atapona kwa mkono wake mwenyewe.”

Niliketi chini. Ngano zote zilinijia pamoja: mji chini ya ziwa, taa, watu wanaovaa mvua. Nilikuwa nimeapa kuziacha, na mwaka mzima nilikuwa nazinywa.

Ningeweza kunyamaza. Alikuwa mzee, na mwenye furaha ya kazi yake. Lakini nilimkumbuka yule aliyelala na jani kipajini, na jinsi ilivyokuwa rahisi kugeukia ukutani.

“Mama, hazikuwa dua. Zilikuwa ngano.”

Akaitwaa sahani, akaikinga panapovuja. Mvua ilipiga sahani: ti, ti, ti.

“Zote?”

“Zote.”

“Hata ile yenye mistari mifupi mifupi? Ile niliisomea Yasini mara tatu.”

“Ile ni ya jini aliyeposwa na nyani, mama. Mistari mifupi ni majibizano yao.”

“Nyani,” akasema. “Nimemwosha nyani kwa maji ya waridi.”

Akajifunika shuka mpaka kichwani. Siku tisa hakuniita mwanangu. Alinipa chakula, alinijibu salamu, basi. Saidi aliuliza kuna nini, sote wawili tukasema hakuna. Nilifikiri safari hii nimeharibu kabisa. Nilikuwa nimemnyang'anya mtu ibada yake ya mwaka mzima.

Siku ya kumi, baada ya sala ya adhuhuri, jua wazi, alikuja uani nilipokuwa nachambua mchele. Kwapani alikuwa na daftari la saba, lile ambalo hakuwahi kuliosha. Nusu yake ilikuwa haijaandikwa. Akaliweka juu ya ungo, juu ya mchele wenyewe.

“Nataka kujua nimekunywesha nini.”

“Mama?”

“Nimefunga kwa ajili yake. Nimekesha nao hao watu wako. Nina haki ya kuwajua. Anza na nyani. Na ukimaliza kusema, uandike tena, maana nimekuharibia.”

Nilisikia moyo kwenye sikio la kushoto. “Ni mchana, mama. Na niliapa.”

“Uliapa kwa homa. Kiapo kina kafara: funga siku tatu; nitafunga nawe. Na mchana una nini?”

Nikamweleza habari za Dady Soazara wa Antsanitia, tangu mwanzo mpaka kwa Razafy na ufagio wake. Ilikuwa mara ya kwanza kumtaja kwa mtu. Bi Zalihata alisikiliza akitazama mchele. Kisha akainuka, akaenda kwenye mlangilangi wa jirani, akarudi na majani mawili. Moja akaniweka juu ya shiromani. La pili akajiweka mwenyewe, akalinyoosha kwa vidole kama mwenye kuvaa kofia ya Idi.

“Leta la tatu,” nikasema.

Hakuuliza la nani. Alikwenda tena, akalileta, tukaliweka mkekani, mahali patupu kati yetu.

Nikaanza. Sauti ilikwama, ikakwaruza, ikatoka hivyo hivyo. Nilisema namna jini alivyokuwa akioga kwenye ziwa la mlimani, na nyani juu ya tawi akamwambia, mimi sina nyumba, sina nguo, lakini nina maneno. Rukia alikuja mlangoni, kidole kinywani kama zamani. Hakufukuzwa. Jua lilikuwa juu ya uwanja wote, na sisi tulikuwa chini ya majani yetu. Nilipofika pale jini anapomwuliza nyani, maneno yako yanaweza kunivisha?, Bi Zalihata alinyoosha mkono bila kutazama, akashika kikombe kilichokuwa karibu yangu, akanywa.

Ngano ikakatika.

Naye akauona uzi. Alikitazama kikombe, akanitazama mimi. Rukia pale mlangoni alitoa kidole kinywani. Bi Zalihata akafuta mdomo kwa nyuma ya kiganja, akakirudisha chini, karibu yake zaidi kuliko yangu.

“Haya,” akasema. “Nyani akajibu nini?”